Damu ya Moraa Haikukosea

Nilifunga safari kwa sababu ya swali moja. Moraa, mkulima wa chai aliyejitolea kudungwa chanjo ya majaribio ya VVU, alipata barua yetu ya matokeo, iliyosema damu yake haikutengeneza kinga tuliyoitarajia, kisha akapiga simu kwenye maabara ninakofanya kazi akauliza damu yake ilikosea nini.

Saa mbili asubuhi niliondoka Kisii. Nyamira nilinunua mkate na sukari, nikapanda pikipiki hadi Nyaramba. Mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo mlima wa mwisho nilitembea, viatu mkononi.

Saa tano nilimkuta Moraa na mumewe, Baba Kerubo, jikoni. Hata kabla ya chai kumiminwa, Moraa alieleza kilichomsumbua. Dada yake aliuawa na Ukimwi, ndiyo maana alijitolea. Lakini siku ya sindano ya pili hakupumzika. Alirudi kuchuma chai. Mumewe alimwambia ameharibu dawa. Tangu hapo aliamini hivyo.

Nilimweleza polepole. Chanjo ile ni protini iliyoigwa kutoka kwenye ngozi ya kirusi cha Ukimwi. Ina sehemu moja inayonata kwenye seli zetu, na hapo ndipo tulipotaka mwili wake uelekeze kingamwili, yaani askari wake wa kupambana na kirusi. Tunadhani protini ilipoingia mwilini ilinata kwenye seli zake palepale, sehemu ile ikafunikwa. Mwili ukatengeneza kingamwili za sehemu nyingine, zisizozuia kirusi. Sasa wataalamu wanajaribu kuibadilisha protini kidogo ili isinate.

“Kwa hivyo si chai?” aliuliza.

“Si chai, mama. Mwili wako ulipigana na ulichokiona. Sisi ndio tulioificha ile sehemu bila kujua.”

Kisha akaniomba niseme tena, naye akamtafsiria mumewe kila neno kwa Ekegusii, lugha yao, bila haraka.

“Nilimlaumu bure,” Baba Kerubo aliniambia kwa Kiswahili, ingawa aliyestahili kuambiwa alikuwa kando yake. Halafu akamgeukia mkewe, akasema kwa lugha yao jambo ambalo sikulielewa. Moraa akafuta macho kwa leso.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimerudi Kisii. Nilifungua rasimu ya ripoti yetu. Tulikuwa tumeandika: “Washiriki walishindwa kuitikia chanjo.” Nikaifuta sentensi hiyo, nikaandika: “Chanjo yetu ilishindwa kuwaonyesha washiriki mahali pa kulenga.”