Nilimpa Mkwe Flashi Kabla Alama Hazijafungwa

Ni mimi. Si mashine, si Chepkoech. Ni mimi mzee mzima niliyetoa mtihani wa watoto ukiwa mbichi. Leo nasema, nimechoka kubeba!

Shule niliachia darasa la tatu, lakini jina la mtu halinipotei. Hapa nimewapa wote majina mengine tu, wasiaibike.

Chepkoech ni mjukuu wangu. Alikuwa na kibanda cha kompyuta huku Boito, anachapia shule mitihani. Nilikuwa nashinda naye, namtengenezea chai. Siku moja anachapa karatasi ya hesabu, nikamuuliza ile alama kama tiki yenye mkia mrefu iko kitufe gani.

"Gogo, haina kitufe," akacheka; kwetu nyanya huitwa gogo. "Kila alama iko na namba yake ndani ya kompyuta. Hii ya kipeuo ni 221A. Naandika hivyo, nabonyeza Alt na X, inageuka. Ona!"

Ikageuka kweli! Nikapiga makofi kama mtoto.

Halafu akanieleza jambo ambalo lingeniokoa. Kompyuta ya shule ni ya zamani. Namba itafika, lakini mashine yenyewe haina picha ya hiyo alama, kwa hivyo itaweka kisanduku kitupu. Lazima kwanza aifunge karatasi iwe PDF, ndipo alama zisafiri na picha zao.

Kabla hajafunga, stima ikapotea.

"Gogo, naenda kuomba jenereta kwa jirani. Flashi ndiyo hii. Usimpe mtu, haijaiva."

"Nimesikia." Na nilisikia!

Hajafika mbali, akaingia Mwalimu Rotich, ndugu ya mume wa binti yangu Chelangat. Mkwe! Kwetu mkwe hangojeshwi, wala hanyimwi alichokuja kuchukua.

"Mama, nipe flashi ya mtihani, sekretari ananingoja."

"Chepkoech amesema haijaiva."

"Kwani ni githeri?" Akasimama pale mlangoni akitabasamu. "Ama nirudi mikono mitupu, kama mtu ameenda kuposa akakataliwa?"

Nikacheka. Nikampa. Ole wangu!

Chepkoech aliporudi nilimwambia. Akashika kichwa, akampigia Rotich simu. "Usijali, tumeshachapa, iko sawa," akajibiwa. Kumbe hata hakuiangalia.

Asubuhi watoto wakafanya mtihani. Kila penye kipeuo pako na kisanduku kitupu. Msimamizi alikuwa mwalimu wa dini. Watoto walipomuuliza, akasema, "Kama ni kisanduku, si mjaze?" Wakajaza! Cherono wa jirani aliniambia yeye alijaza umri wake.

Wazazi waliwaka moto. Mwalimu mkuu akaja kwangu, Rotich nyuma yake.

"Nani alitoa kazi haijaisha?"

Rotich akaangalia kikombe chake. Mimi nikaangalia birika. Chepkoech akatuangalia sisi wawili, mmoja kisha mwingine.

"Ni mimi, mwalimu. Nilikosea," akasema Chepkoech.

Na mimi nikamwongezea mgeni chai! Mdomo huu unaojua majina ya watu wote ukakosa neno moja.

Shule ile ikapeleka kazi Bomet, zingine zikafuata. Kibanda kikafungwa. Sasa Chepkoech anachuna majani chai kwa shamba la watu, vidole vimekuwa vyeusi.

Nilimwambia nitaenda kwa mwalimu mkuu niseme ukweli. Akanishika mkono. "Gogo, nyamaza. Ukimwaibisha Rotich, Chelangat ataishi aje kwa ile boma?" Sasa nifanye nini? Nikisema naharibia binti, nikinyamaza nimeharibia mjukuu! Hata hapa naandika nikijificha.

Juzi niliichora ile alama kwa kijiti, hapo nje, nimuonyeshe kwamba naikumbuka. Chepkoech akaweka kikapu chini, akaitazama.

"Umepatia, Gogo," akasema. Akapita juu yake, akaingia ndani.

Wazee wenzangu, mtoto akikuambia kitu hakijaiva, shika neno lake hata kama hukielewi hicho kitu. Heshima yetu isiwe ya kuwaharibia watoto. Mkwe akija mpe kiti, mpe chai, akimaliza muongeze. Lakini angoje!