Kura ya Kwanza Kule Kanada

Jumatatu jioni nilikuwa kwenye duka la kupigia simu, mtaani Umbilo Road. Mama mmoja Mkongomani, msusi, alikuwa akiongea na binti yake aliyehamia Kanada. Laini ilikwaruza, mwenye duka akafungua spika, nasi wa foleni tukasikia yote.

"Mama, leo nimepiga kura! Sasa niko raia."

Mama akashika kifua. "Walikuuliza kabila?" Swali hilo ndilo lililowakimbiza kwao.

"Hapana, mama."

"Na maaskari?"

"Hakuna hata mmoja. Iko mzee mmoja aliona niko na mimba, akaniletea kiti."

Machozi yakamtoka mama. Akainua mkono juu. "Mungu abariki ule muzee. Abariki na kile kiti."

Sijawahi kusikia kiti kikiombewa baraka. Foleni nzima tuliitikia amina.