Ukungu Ndani ya Gari la Baba

Muuza dawa alidhani gari linavuja. Msimu wote ule wa mvua, kila asubuhi alikuta vioo vimejaa ukungu kwa ndani, matone yanachuruzika hadi kwenye dashibodi, na viti vinanuka kama nguo zilizoanikwa chumbani. Alifuta kwa kitambaa, akaendesha huku ameinama, akafika dukani amechelewa na roho juu.

Gari lilikuwa la baba yake, dereva mstaafu aliyemwendesha meneja mmoja wa kiwanda maisha yake yote. Kiwandani walimwita Kimya, maana maneno ya kiti cha nyuma hayakuwahi kumtoka mdomoni. Tangu mama afariki, nyumbani walibaki wawili, baba na binti.

Fundi alifunua zulia la sakafuni, akalipapasa, akanusa vidole.

"Dada, hapa pakavu kabisa. Hata mipira ya milango ni mizima."

"Sasa maji yanatoka wapi?"

"Hizo ni pumzi za mtu. Kuna anayelala humu?" Akacheka. Kisha akamwelekeza: awashe kiyoyozi, upepo aupeleke kwenye kioo, dirisha aliache wazi kidogo. Ukungu ulitoka pale pale. Kesho yake ukarudi.

Alfajiri moja usingizi ulimruka mapema. Alipotoka sebuleni alikuta mlango wa nje uko wazi na mvua inanyesha. Vioo vya gari vilikuwa vyeupe. Akavuta mlango.

Baba yake alikuwa ameketi kwenye usukani, amevaa shati la kazi, vifungo vimepishana.

"Baba! Unafanya nini humu?"

"Funga mlango, mama, mvua inaingia. Namsubiri bosi."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mzee alikuwa akitoka kimyakimya, anakaa humo madirisha yamefungwa, kisha anarudi kitandani kabla binti hajaamka.

"Bosi alishafariki, baba. Tulienda wote kumzika."

Mzee alimkodolea macho.

"Amekufa? Amekufa, na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

Akalia kwa sauti, kama aliyeletewa msiba saa ile ile. Binti alisimama mvuani ameshika mlango, akijuta kufungua kinywa.

Alijaribu kuficha funguo. Mzee akapekua kabati, akapindua magodoro, mwishowe akatoka kugonga kioo cha gari kwa ngumi hadi vidole vikachubuka. Basi binti akasalimu amri. Alimwomba fundi awe anatoa betri kila usiku na kuirudisha asubuhi; fundi akalicheka wazo hilo, akamfundisha kulegeza waya mmoja tu ili gari lisiwake. Tangu hapo alfajiri akawa anamfungulia mwenyewe, anashusha kioo kidogo, anakaa naye.

"Bosi anachelewa leo," mzee husema.

"Bado anajiandaa, baba."

Uongo ule mwanzoni ulimkwama kooni. Baadaye ukazoeleka, na hilo likamuuma zaidi.

Asubuhi moja mzee alimgeukia kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni.

"Samahani, dada. Wewe nikushushe wapi?"

Binti akataja mtaa wa duka la dawa.

"Ni njiani," mzee akasema. "Bosi hatakuwa na neno."

Akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele.