Harufu ya Iliki Vidoleni

Jumamosi binti yangu alirudi kutoka kwa jirani, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeushika mkono wake na kuuleta puani. Iliki. Akaniuliza, "Papa, unanusa nini?" Sikumjibu; ninyi nitawajibu.

Kwetu, mtaani Gihosha, sheria ya mama ilikuwa moja: mtoto hali kwa watu. Tukirudi kutoka kucheza alitungoja mlangoni, akanusa vidole vya kila mmoja. Aliyekutwa na harufu ya chakula alichapwa. "Mutoto mwenye kula kwa watu anatangaza nyumba ya kwao," alisema. Nilikuwa na miaka minane. Sikujua kinachotangazwa ni kitu gani.

Jirani yetu, Mama Nasri, alikuwa mke wa Mwarabu mwenye duka la vitambaa. Kwake mgeni hakutoka bila kula. Nilizikwepa sheria zote mbili kwa kucheza na Nasri uani tu, mpaka siku ya Idi mama yake aliponivuta sebuleni. Pilau ikaletwa, ikinukia iliki. Nikaketi mkekani, mikono nimeikalia.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, Mama Nasri."

"Umeshiba, na tumbo linanguruma hivi? We unaogopa nyama yetu?"

Nasri akacheka. "Apana, anaogopa mama yake."

"Basi hutoki," akasema Mama Nasri kwa upole, akaketi palepale mlangoni.

Wali ukapoa, mafuta yakaganda ukingoni mwa sahani. Nikila, fimbo; nisipokula, naidharau nyumba ya rafiki pekee niliyekuwa naye. Nikalia bila sauti.

Ndipo Mama Nasri akaifunika sahani kwa kitambaa, akanishika mkono, akanipeleka kwetu. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka mgeni alipoondoka. Nikangoja fimbo. Alinusa vidole vyangu, havikuwa na harufu, lakini akaendelea kuvishika. Kisha akatugawia pilau, watoto wanne, mpaka sahani ikawa nyeupe. Yeye alisema ameshiba, kwa sauti ileile niliyoitumia mimi.

Jikoni makaa hayakuwa yamewashwa tangu jana yake. Hilo nililiona siku ileile, ila sikulihusisha na fimbo mpaka nilipopata watoto wangu. Mama alikuwa na siri ya jiko lake, na walinzi aliowaweka ni sisi, wenye njaa.

Binti yangu alikuwa bado ananitazama.

"Ilikuwa tamu?" nikamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa. Nikauachia mkono wake, ingawa si upesi.