Ua la Kwenye Koti

Ndugu zangu, leo nimeshindwa hoja na sindano.

Mnalijua koti langu la kupandia mlima wa Jebel Akhdar. Ni la askari wa milimani wa Kijerumani, wa jeshi la Wanazi: nje kijivu, ndani jeupe ili ligeuzwe penye theluji, na kwenye mkono wa kulia limeshonewa ua la edelweiss, ua jeupe la milimani, alama ya askari hao. Kila aliyenihoji nilimhutubia: nguo haina dhambi!

Leo alasiri, hapa Ibra, bibi yangu amenikabidhi kofia ya Idi. Ameidarizi miezi miwili.

Ameizungushia ua lile lile.

"Nililiona kwenye koti lako, mwanangu, nikalipenda. Ua la wapi?"

Nikamweleza. Askari gani, jeshi la nani, vijiji walivyovichoma.

Akaichukua tena kofia mkononi mwangu.

"Nawe ulikuwa ukijua?"

"Nilijua, bibi."

"La haula! Mimi sikujua, nikalitia kwenye kofia ya kusalia. Wewe ulijua, ukalivaa."

Akaanza kuifumua kofia, uzi baada ya uzi. Kisha akanisogezea mkasi.

"La koti fumua mwenyewe."

Nimelifumua. Lakini kitambaa kilichokuwa chini yake hakijapauka kama kwingine, na umbo la ua bado linaonekana.

Niambieni kwa haki: nilivae tena?