Kufuli kwenye Hadithi za Taata Karugendo

Barua ya tatu ilimkuta Annastella Ijumaa asubuhi, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu mjini Bukoba, nayo ikamkataa kama mbili za kwanza. Hadithi zake za kusikiliza kwenye simu haziingii kwenye duka la programu. Sababu ni ile ile: zimefungwa, na anayetaka kuzifungua aandike namba iliyo ndani ya pakiti ya kahawa inayouzwa Kamachumu. Sheria haitaki. Mtu alipie humo humo dukani, la sivyo kisifungwe kitu. Akirudia tena, walisema, akaunti yake itafutwa.

"Mawe! Kahawa nayo imewakosea nini?" akafoka peke yake, mpaka mteja akarudi nyuma hatua mbili.

Kuondoa kufuli ilikuwa kazi ya nusu saa. Kilichomtoa jasho ni ahadi. Hadithi ni za Karugendo wa Ijumbi, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, ambaye naye humwita Taata, yaani baba; mzee mkali mwenye uvimbe kooni. Jumatatu anapasuliwa, na daktari ameshasema wazi kwamba sauti huenda isirudi. Alikubali kurekodiwa kwa sharti moja tu: "Hadithi yangu isisikilizwe kwa mdomo mkavu. Kwanza akamwani." Ndiyo ile kahawa ya kutafuna, anayopewa mgeni kabla hajaulizwa habari za alikotoka. Annastella, mtoto wa mjini, akaja na pakiti, namba na kufuli. Akajiona ana akili, maskini!

Na mzee alitaka kusikia kwamba hadithi zimeshatoka, kabla hajalala kwenye kitanda cha upasuaji.

Akafunga kibanda, akapanda basi la Muleba, kisha bodaboda hadi Ijumbi, kompyuta mgongoni. Karugendo alimsogezea kikapu kidogo cha kahawa. Annastella akatia punje mdomoni, akaeleza yote huku akitazama chini.

"Hizo pakiti," mzee akauliza kwa sauti iliyokwaruza, "anazinunua nani?"

"Msikilizaji, Taata."

Mishipa ya shingo ikamsimama mzee.

"Mgeni anunue kahawa? Mlangoni kwangu? Hiyo unayotafuna wewe, umeinunua?"

Annastella alipaliwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Tangu azaliwe hajaona mgeni akija na kahawa yake Uhayani, na yeye ndiye aliyeweka utaratibu huo, tena kwa jina la mzee huyu.

"Lakini kwenye simu nitampaje, Taata?"

"Nitampa mimi. Washa hicho chombo chako."

Alikohoa, akaanza, sauti ikakatika. Akaanza tena, ikakatika. Annastella alitaka kumwambia aache, akaogopa. Mara ya tatu ikatoka nzima, kwa heshima ya Kihaya: "Karibu, waitu. Pokea kahawa, tafuna, ukae. Sasa nisikilize." Pale pale chini ya mgomba akaondoa kufuli, akaitanguliza sauti ile mbele ya kila hadithi, akatuma tena dukani.

Jumamosi hakuna jibu. Jumapili aliitazama simu hata kanisani, mama mmoja akamfinya. Jumatatu, kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, mzee akamshika mkono.

"Zimetoka?"

Angeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari.

"Bado, Taata."

"Basi nitasubiri," akasema, wakamsukuma ndani.

Jibu lilikuja saa nane mchana, mzee akiwa bado humo: imekubaliwa. Annastella alilia kwa hasira. Wangeshindwa nini kulileta asubuhi?

Sauti haikurudi. Mzee alipozinduka aliandikiwa kwenye karatasi kwamba zimetoka, kana kwamba na masikio nayo yamekatwa. Akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mto.

Alhamisi jirani yake Lameki alitoka Ijumbi kuja kumwona wodini. Alisimama miguuni pa kitanda, hajui amsalimie vipi mtu asiyeweza kuitika. Karugendo, bandeji shingoni, akavuta kikapu chake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akabonyeza simu.

"Karibu, waitu. Pokea kahawa, tafuna, ukae."

Lameki hakuitazama simu. Alimtazama mzee, akavua kofia, akapokea kahawa kwa mikono miwili.

"Asante, Taata," akasema, akaketi kusikiliza.