Kwenye Chupa Hutajwa Mdogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu cha kukatia maboksi, fulana ya kung'aa na onyo. Mkuu wa Ghala, Mswidi mrefu mwenye masharubu ya rangi ya nyasi kavu, alinionyesha rafu zilizopanda hadi darini, zote zimejaa chupa, akasema, "Hapa hatumfukuzi mtu kwa kuvunja. Tunamfukuza kwa kunywa."

Nikamwambia mimi sinywi. Akaniangalia kama fundi cherehani aliyeletewa mteja anayetembea uchi.

"Basi utadumu," akasema.

Nikadumu mpaka nikastaafu. Ghala lilikuwa kusini mwa Stockholm, vituo vichache kutoka Rågsved ninakoishi hadi leo. Kampuni yetu iliagiza wiski kutoka Marekani na kuiuzia mikahawa na duka la serikali, kwa maana nchi hii anayeruhusiwa kumuuzia mtu chupa ya pombe kali aende nayo nyumbani ni serikali peke yake. Jina la mtaa wangu lina neno råg ndani yake, yaani rai, nafaka ile ile inayotengeneza wiski ya rai ya Wamarekani. Nimekaa hapa miaka yote hiyo na sijaona hata suke moja. Nimeona maegesho ya magari.

Ninaandika kwa ajili ya vijana wetu wa hapa, maana wamenichosha. Kila tukikutana kwenye arusi au kipaimara, kijana aliyetazama video mbili hunijia na kuniambia mambo ya wiski kwa sauti ya mhadhiri. "Mzee Mwakio, bourbon lazima itoke Kentucky, si ndiyo?" Si lazima. Nimesema si lazima mpaka ulimi umeota sugu. Inaweza kutengenezwa popote ndani ya Marekani. Kilicho lazima ni kwamba zaidi ya nusu ya nafaka iwe mahindi, na ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani mpaka likawa jeusi. Rangi ile na ule utamu wa vanila vinatoka kwenye mbao zilizoungua. Ukibadilisha mahindi ukaweka rai zaidi ya nusu, unapata wiski ya rai, kali kidogo, kama mtu ametia pilipili manga. Ndiyo hayo. Hakuna siri.

Kuna mwingine wa Husby, mtaa wa upande wa pili wa jiji, alibishana nami nusu saa nzima kwamba neno "straight" kwenye lebo maana yake ni wiski ya kunywewa kavu, bila maji wala barafu. Nikamwambia, mwanangu, lebo haijali unakunywaje. Neno hilo ni la kisheria. Maana yake wiski imekaa kwenye pipa angalau miaka miwili na haikutiwa rangi wala ladha. Akaniambia, "Men farbror, jag har läst det," yaani, lakini mjomba, nimesoma. Wamesoma wote. Wapi, hawasemi.

Lakini nisijifanye mwalimu. Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye lebo nililiandika mimi.

Baada ya miaka kadhaa ya kubeba maboksi, Mkuu wa Ghala aliniita ofisini. Nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne cha shule ya Voi na Kiswidi cha masomo ya jioni, na hivyo viwili vilitosha. Alinipa kazi ya kuandika vibandiko vya Kiswidi vinavyowekwa nyuma ya chupa: aina ya kinywaji, nguvu ya kileo, jina la mwagizaji, na umri kama umetajwa. Nilipata meza na kiti kinachozunguka. Nilianza kuvaa shati lenye kola.

Mwaka huo huo akaja Bahati. Alitoka Uvira, mashariki ya Kongo, mama wa watoto wawili waliokuwa bado Bujumbura kwa shangazi yao. Sote tulimwita Mama Neema, kwa jina la mtoto wake mkubwa. Kazi yake ilikuwa kubandika vile vibandiko, kisha kutia sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi kwamba shehena imehakikiwa. Alikuwa kwenye miezi ya majaribio, ambayo hapa huwa sita. Akiimaliza, angepata ajira ya kudumu. Na ile ajira ya kudumu ndiyo aliyoihitaji ili maombi ya kuwaleta watoto yaende mbele. Alituambia hilo wiki ya kwanza, kwenye meza ya kahawa, na hakulirudia tena. Halikuhitaji kurudiwa. Alikuwa amebandika picha ya watoto ndani ya mlango wa kabati lake.

Tulielewana, isipokuwa kwenye Kiswahili. Mimi Mtaita, Kiswahili changu ni cha darasani, lakini kati ya Wakongo nilijiona kama niliyezaliwa Lamu. Akisema "aksanti" ninamsahihisha. Akisema "minaenda" ninamsahihisha. Alikuwa akicheka. "Papa Mwakio, siku moja utasahihisha hata kikohozi yangu."

"Kikohozi changu," nikamwambia.

Basi ikaja shehena ya bourbon moja ya gharama. Mbele, chini kabisa, kwa herufi ndogo, lebo ilisema miaka minne. Nyuma kulikuwa na hadithi ndefu jinsi wiski hiyo ilivyochanganywa kutoka mapipa ya umri tofauti, mengine yamekaa miaka kumi na miwili. Sheria ya umri ni nyepesi, na vijana muishike: wiski zikichanganywa, umri unaoandikwa ni wa ile changa kuliko zote. Hata tone la miaka minne likiingia kwenye pipa la miaka kumi na miwili, yote ni ya miaka minne. Kwenye chupa hutajwa mdogo.

Mimi sikuwa nimeijua. Wala sikuuliza. Nilifikiri kama nilivyolelewa: mgeni akiuliza hii ni nyumba ya nani, hatajiwi kitinda mimba. Nikaandika kwa Kiswidi, miaka kumi na miwili, nikachapisha, nikampelekea Mama Neema.

Alikuwa amebandika labda boksi la kwanza alipokuja mezani kwangu na chupa mkononi.

"Papa, huku mbele wameandika ine. Juu ya nini siye tunabandika kumi na mbili?"

"Si ine," nikamwambia. "Ni nne."

"Haya, nne. Juu ya nini tunabandika kumi na mbili?"

"Mama Neema, nyumba hutajwa kwa mkubwa wake. Kabandike."

Akaigeuza ile chupa, akasoma tena mbele. Kisha akasema, "Sawa, Papa. Ni wewe mwenye kusoma," akarudi kubandika. Akabandika zote. Akatia sahihi.

Wapenzi wa wiski ni watu wa ajabu. Mtu anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mke wake, lakini umri wa chupa hausahau. Chupa hazikuwa zimemaliza mwezi madukani Mwenyekiti wa klabu moja ya waonjaji alipotuandikia barua ndefu yenye picha za mbele na nyuma, na mistari myekundu. Aliuliza kama kampuni yetu ni ya wajinga au ya wezi. Chupa zote zikarudishwa.

Mkuu wa Ghala alitukusanya karibu na lango la kupakilia. Alishika ile karatasi ya ukaguzi. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nani alihakiki hii?" aliuliza. Hakuuliza nani aliandika. Ninalisema si kwa kujitetea, ila ndivyo ilivyokuwa: swali lenyewe lilipita kando yangu kama gari lililonikosa kwa shubiri moja, na mimi nikabaki nimesimama pembeni, ninashukuru.

Mama Neema akasema, "Sahihi ni yangu." Kisha akaniangalia. Hakuniangalia kwa chuki. Aliniangalia kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango na kuushikilia.

Nikaangalia viatu vyangu.

Majaribio yake yalikatizwa, ajira ya kudumu akaikosa. Siku yake ya mwisho alitoa picha ya watoto kabatini, gundi ikabaki mlangoni. Mimi nilipewa kazi ya kubandua vibandiko kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto, chupa moja moja, wiki tatu. Nilijiambia hiyo ndiyo adhabu yangu, nimeimaliza. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kifaa.

Nilisikia baadaye kwamba alipata kazi ya usafi hospitali ya Flemingsberg, na kwamba watoto walikuja baada ya miaka miwili zaidi. Nilisikia tu. Sikupiga simu.

Mimi nilipanda. Mkuu wa Ghala alistaafu, akaja Mkurugenzi wa Mauzo, mama mmoja mwenye haraka, akagundua kwamba Mwafrika asiyekunywa anayeeleza wiski ni kivutio. Akanifanya Msimamizi wa Maonjo. Kwa miaka mingi nilizunguka kwenye vilabu nikiwa na kasha la glasi zenye mdomo mwembamba. Nilifundisha watu kunusa huku mdomo umefunguka kidogo ili kileo kisichome pua, kutia matone mawili ya maji ili harufu ijitokeze, na kutema. Hasa kutema. Nimetema wiski ambayo wengine wangeilipia nauli. Waonjaji nao walinitoa jasho. Mmoja anasema anasikia harufu ya tandiko la farasi. Mwenzake anamkatalia: hapana, tandiko la farasi mzee. Ninaandika zote mbili ubaoni, ninatabasamu, ninatamani kwenda nyumbani.

Na ili kuwachangamsha, nilikuwa na kichekesho. Tukifika kwenye somo la umri, ninasema, "Kulikuwa na mwanamke mmoja ghalani kwetu, hajui kusoma lebo, akabandika kumi na mbili mahali pa nne!" Walicheka kila mara. Nilikisimulia mara nyingi hata nikaanza kumwona huyo mwanamke asiyejua kusoma. Sikumwona tena aliyenijia na chupa mkononi.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilialikwa na chama cha wanafunzi waonjaji, kule kule Flemingsberg. Saa kumi alasiri, chumba cha mikutano, vijana kama ishirini. Nikafika kwenye umri, nikatoa kichekesho changu. Wakacheka. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma hakucheka. Aliinua mkono, akauliza kwa Kiswidi safi cha waliosomea hapa:

"Huyo mwanamke alikuwa na jina?"

Nikasema sikumbuki.

Akaacha Kiswidi. "Mimi ninaitwa Neema," akasema. "Mama alituambia alisoma ine."

Mle ndani hakuna mwingine aliyeelewa. Walidhani tunasalimiana, Waafrika wawili. Ningeweza kucheka, nikasema naam, dunia ndogo, tuendelee na glasi ya tatu. Wiski ilikuwa imekwisha miminwa. Nilihisi kabisa lile gari likija tena, na safari hii niliona ninavyoweza kusogea pembeni.

"Glasi zishushwe kidogo," nikasema kwa Kiswidi. "Hadithi niliyowaambia ni ya uongo. Lebo niliiandika mimi. Yule mwanamke aliona kosa, akaniambia, nikamsahihisha lugha yake. Kisha akapoteza kazi, nami nikanyamaza. Watoto wake walimngoja miaka miwili zaidi. Mmoja wao amekaa pale nyuma."

Hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Kijana mmoja, masikini, alinusa glasi.

Jumamosi iliyofuata, kwa anwani aliyonipa Neema, nilipanda treni mpaka Husby, kwa Mama Neema. Alifungua mlango, nywele zimeingia mvi, akasema, "Papa Mwakio. Umezeeka vraiment, kweli kweli." Akanipa chai na mandazi. Nikasema niliyokwenda kusema, yote, bila kupunguza. Alisikiliza akiwa anakunja nguo.

"Neema aliniambia tayari," akasema. "Aliingia analia. Ulisema kwa Kiswidi?"

"Kwa Kiswidi."

"Mbele ya wazungu ishirini. Ni muzuri." Akaningoja nimsahihishe. Nilimeza lile sahihisho pamoja na chai. Akacheka kidogo, ila macho hayakucheka. "Lakini wale wazungu hawanijui. Watu wetu ndio waliambiwa Bahati alifukuzwa juu hajui kusoma. Kanisani waliambiwa. Nilikaa na hiyo maneno miaka yote. Wewe si mwandishi wa lebo? Andika. Kwa Kiswahili. Ile yako ya shule."

Nilimwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Andika kwanza."

Sasa nimestaafu. Vijana bado wananijia na video zao, nami bado ninawajibu kwa ukali, maana ni kweli hamsomi nyuma ya chupa, wala mbele. Lakini hasira yangu nyingi ni ya mtu mmoja aliyevaa shati lenye kola, na yeye simpati kwenye arusi nikamkaripia. Wiski ya kwenye pipa kadiri inavyokaa huongezeka thamani. Neno nililolinyamazia lilikaa miaka yote hiyo na halikupata ladha yoyote nzuri.

Basi hiki ndicho kibandiko changu, na safari hii nimeuliza kabla ya kukichapisha. Kwenye chupa hutajwa mdogo, ila kwenye kosa hili atajwe mkubwa: aliyeandika kumi na mbili ni mimi, Mwakio wa Rågsved. Na yule mwanamke wa ghalani ana jina. Anaitwa Bahati. Alisoma ine.